Sanamaki haipimwi kwa konzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya sanamaki. Jina lake si geni Dar es Salaam. Ukiingia maduka ya dawa za asili pale Kariakoo utaikuta imepangwa kati ya habasoda na mdalasini. Vituo vya daladala vina watu wanaoitembeza mikononi. Na kwenye simu kila wiki kuna tangazo jipya kwamba inasafisha damu, inayeyusha kitambi na kurudisha ngozi ya ujana. Mmea wenyewe ndio usiojulikana, na kipimo chake hakijulikani kabisa. Mnunuzi akiuliza anaitumiaje, jibu la kawaida ni hili: "Chemsha konzi moja, kunywa kutwa mara tatu." Jibu fupi hilo lina makosa matatu ndani yake: kuchemsha, konzi, na kutwa mara tatu.

Kwanza mmea. Sanamaki ni kichaka cha nchi kame na jangwa, cha jamii ya mikunde, ndugu wa mjohoro tunaoupanda kwa kivuli na mwingajini unaojiotea pembeni mwa majalala. Kitaalamu unaitwa Senna alexandrina. Zamani uliandikwa Cassia senna, ule wa Sudan ukaitwa Cassia acutifolia na ule wa Uarabuni na India ukaitwa Cassia angustifolia. Majina yote hayo bado yanachapishwa kwenye pakiti, kwa hiyo mnunuzi asidhani ameletewa dawa nne tofauti. Kichaka kina urefu wa nusu mita hadi mita moja hivi, maua yake ni ya njano, na tunda ni ganda bapa, jepesi kama karatasi, lililopinda kidogo mfano wa figo. Kwao ni Misri, Sudan, Somalia, Yemen na Saudi Arabia. India ya kusini hulimwa mashambani, hasa Tirunelveli katika jimbo la Tamil Nadu, na India ndiyo inayouza nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Neno "alexandrina" linatokana na bandari, si shamba: majani ya Sudan yalipitishwa Alexandria kabla ya kuvuka bahari kwenda Ulaya. "Sanamaki" nalo ni Kiarabu, sana ya Makka. Kwa hiyo muuzaji anayeapa kwamba yake ni "ya Makka yenyewe" anarudia jina la bidhaa tu, hajathibitisha ilikotoka.

Kichaka hiki hakivumilii maji yaliyotuama kwenye mizizi. Jangwani yetu hapa jijini, bonde linalofurika pamoja na jina lake, ingekiozesha masika ya kwanza tu. Wanaouliza kama wanaweza kupanda miche uani Tabata au Mbagala wajue hivyo, labda wawe na tuta la mchanga lililoinuka na jua la kutwa nzima.

Sasa namna ya kuitambua. Nunua majani mazima, usinunue unga. Chukua jani dogo moja lisilovunjika, urefu wake sentimita mbili hadi tano, ncha yake imechongoka, uliweke mezani. Tazama pale chini linaposhikana na kikonyo: upande mmoja wa jani unaanzia juu kidogo kuliko wa pili. Chini hapalingani. Hiyo ndiyo alama kubwa ya sanamaki, na haihitaji darubini. Jani ambalo chini yake pande zote mbili zinalingana, nene kama ngozi, limekunjamana na mishipa ya pembeni haionekani, ni la argeli, kichaka kingine cha jangwa la Sudan na Misri ambacho tangu zamani kimekuwa kikichanganywa na sanamaki, kwa makusudi au kwa bahati mbaya wakati wa kuvuna. Na jani ambalo ncha yake ni butu, ya mviringo, pana zaidi kuelekea juu, ni la ndugu yake Senna italica, anayeota pia sehemu kame za nchi yetu. Unga wa huyu huuzwa kwingi kama hina isiyo na rangi, ya kupaka nywele. Vyote viwili vikishasagwa, macho hayawezi kuvitofautisha na sanamaki, ndiyo maana nasema unga usiununue. Ukitaka unga, nunua majani, yachambue, usage mwenyewe.

Rangi nayo inasema. Majani yaliyokaushwa kivulini hubaki ya kijani kilichopauka. Yaliyoachwa juani siku nyingi huwa ya njano. Ya kahawia yenye madoa meusi yalipata maji. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na gunia lililofunguliwa kwenye kibaraza cha duka wakati wa masika hunywa unyevu huo mchana na usiku. Jani zuri huvunjika kwa mlio ukilikunja. Likikunjika bila kuvunjika, au likitoa harufu ya uvundo, lirudishe. Kuchemsha hakuondoi sumu za ukungu. Hustahimili moto wa jikoni. Nyumbani yaweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, kabatini, mbali na jiko. Mfuko wa plastiki uliofungwa fundo hausaidii.

Nirudi kwenye "kutwa mara tatu". Dawa iliyomo kwenye majani inaitwa senosaidi. Ikimezwa, hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba ikiwa haijafanya lolote, kwa sababu haifyonzwi huko. Inapofika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huivunja na kuifanya iwe kitu kingine, na hicho ndicho kinachoamsha misuli ya utumbo isukume na kuuzuia usifyonze maji kutoka kwenye choo. Safari hiyo yote ni saa 6 hadi 12. Anayeinywa saa nne usiku atapata haja kati ya alfajiri na saa nne asubuhi. Ndipo linapozaliwa kosa la kawaida kuliko yote: mtu anakunywa saa mbili usiku, saa nne haoni kitu, anasema imelala, anaongeza kikombe, saa sita anaongeza cha tatu. Vikombe vyote vitatu vinafika utumbo mpana kwa kufuatana, na kesho yake mtu yuko kwenye foleni ya Kimara ndani ya basi lililojaa. Kikombe ni kimoja, usiku, basi. Na usiku wenyewe uwe wa kuamkia siku usiyo na safari.

Kipimo. Viwango vya dawa vya Ulaya kwa miaka mingi vilitaka jani kavu liwe na viambato hivi vya senosaidi visivyopungua asilimia 2.5, maana yake gramu moja ya majani inabeba miligramu 25 hivi. Kiasi kinachokubalika kwa mtu mzima ni miligramu 15 hadi 30, mara moja kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: ni kati ya gramu 0.6 na 1.2 za majani makavu. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 1999 juu ya mimea dawa, lilitaja gramu 1 hadi 2 wakati wa kulala. Anayeanza aanze na nusu gramu au gramu moja, na ile 1.2 iwe ukuta. Sasa linganisha na konzi. Konzi ya seremala si konzi ya binti wa kidato cha pili, na hata konzi ndogo ya majani yaliyopondeka inabeba kipimo cha siku kadhaa. Kijiko nacho kinadanganya: kijiko cha chai cha majani mazima kina hewa nyingi, cha unga kimeshindiliwa, uzito wake haufanani.

Mizani ya dukani haipimi gramu moja kwa uhakika, lakini ipo njia. Mwambie muuzaji akupimie gramu 10 kamili, na muuza viungo yeyote mwenye mizani ndogo ya kidijiti anaweza. Nyumbani chambua vijiti na mchanga, kisha mwaga majani kwenye karatasi nyeupe, yagawe mafungu mawili yanayolingana kwa macho, kila fungu uligawe mafungu matano. Una mafungu kumi, kila moja gramu moja au pungufu kidogo. Yafunge kwenye vikaratasi kama chumvi ya kuuza, uyatie kwenye chupa. Ni kazi ya dakika kumi na inamaliza ubishi wa vijiko.

Wanaopata maganda badala ya majani wamebahatika, kwani maganda husokota tumbo kidogo kuliko majani. Ila yasidharauliwe. Viwango vile vile vilitaka ganda la Sudan, lile pana, liwe na viambato visivyopungua asilimia 3.4, na lile jembamba la India 2.2. Kwa uzito ule ule la Sudan lina nguvu mara moja na nusu. Gramu moja ya maganda ya Sudan inapita ule ukomo wa miligramu 30, kwa hiyo nusu gramu inatosha kuanzia.

Kuandaa. Tia fungu moja kwenye kikombe, mimina maji ya moto kiasi cha mililita 150, ambacho ni kikombe kidogo cha chai, funika, subiri dakika 10, chuja kwa kitambaa safi, kunywa. Njia ya pili ni ya wavumilivu na ndiyo bora kwa wenye tumbo jepesi: loweka fungu lile lile kwenye maji baridi saa 10 hadi 12, chuja, kunywa usiku. Majani ya sanamaki yana utomvu ambao ndio unaolaumiwa kwa kusokota tumbo. Utomvu huo hutoka kwa wingi kwenye maji yanayochemka na kidogo tu kwenye maji baridi, wakati dawa yenyewe hutoka kwenye maji yote mawili. Basi anayetokosa sufuria nusu saa mpaka maji yawe meusi anazidisha msokoto, na moto wa muda mrefu nao unaivunja dawa aliyokuwa anaitafuta. Kwa joto la jiji hili, maji ya kulowekea yawe yamechemshwa yakapoa, na kikombe kikae kwenye friji au kwenye beseni la maji baridi. Saa 12 mezani wakati wa Januari ni mwaliko kwa vijidudu.

Unga una hesabu yake. Anayekunywa maji yaliyochujwa anaacha sehemu ya dawa kwenye makapi. Anayekoroga unga kwenye uji au asali anameza yote, na utomvu wake pia. Kwa hiyo kijiko cha unga kina nguvu kuliko kijiko kile kile cha majani yaliyolowekwa, na kwa bahati mbaya maelekezo ya mtaani ni yale yale kwa vyote viwili.

Wazee wa tiba za Uarabuni na India hawakuinywesha peke yake. Waliitia tangawizi, shamari, iliki au mbegu za giligilani ili kutuliza gesi na msokoto, na desturi hiyo ina mantiki: kipande cha tangawizi mbichi cha ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa, au nusu kijiko cha chai cha shamari, vinatosha kikombe kimoja. Ukwaju hutiwa kwa ladha, lakini nao unalainisha choo; usizidishe. Kinachotakiwa kukatazwa ni mchanganyiko ule unaouzwa kwenye chupa za maji, wa sanamaki na shubiri. Shubiri ina dawa ya aina ile ile, inafanya kazi mahali pale pale. Ni kama kuweka madereva wawili wote wanakanyaga mafuta. Haluli na mafuta ya nyonyo zinaendesha kwa njia nyingine, lakini kuzipanga usiku mmoja na sanamaki ni kutafuta kulazwa.

Nije kwenye kitambi, maana ndicho kinachouza pakiti nyingi siku hizi, tena kwa jina la "chai". Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba: sukari ya soda, mafuta ya chipsi, wanga wa ugali, vyote vimeshaingia mwilini saa nyingi kabla sanamaki haijaanza kazi kule mwishoni. Kinachotoka kwa kasi ni maji na chumvi za mwili. Ndiyo maana mzani asubuhi unashuka, na ndiyo maana unapanda tena mtu akishakunywa maji yake ya siku mbili. Mafuta ya kiunoni hayajaguswa. Mtu akiona hayo anadhani kipimo ni kidogo, anaongeza, na hapo mazoea yanaanza.

Habari ya kusafisha damu nayo ina chanzo kinachoeleweka. Mtumiaji wa sanamaki huweza kuona mkojo wake umekuwa wa njano iliyoiva au wekundu wa kahawia, na muuzaji akamwambia hiyo ndiyo damu chafu inatoka. Si damu. Ni rangi ya dawa yenyewe, inapita kwenye figo, na inakwisha dawa ikikwisha. Ute unaoonekana chooni nao si sumu ya miaka. Ni ute wa kawaida wa utumbo uliochokozwa. Damu halisi chooni ni jambo jingine kabisa, hiyo haisubiri kesho.

Wapo wanaoitetea kwa hadithi ya Mtume, na kwa heshima zote hadithi yenyewe isomwe tangu mwanzo. Katika mapokeo ya Bibi Asmaa bint Umays, mazungumzo yanaanza kwa swali la Mtume kwake: anatumia nini kulainisha tumbo? Alikuwa akitumia mmea mwingine mkali, kisha akatumia sanamaki, ndipo ikaja sifa kubwa ya mmea huu. Mada ni tumbo na choo, na ukali wa dawa moja ukilinganishwa na nyingine. Matabibu wa Kiarabu walioiandika baadaye waliiweka huko huko kwenye dawa za tumbo, pamoja na matumizi machache ya nje, kama unga uliochanganywa na siki kupakwa kwenye vipele vya ngozi. Kuibebesha kila maradhi ni kazi ya watu wa baadaye. Mwaka 2020 kule Pakistan uvumi kwamba inatibu korona ulipandisha bei ya majani haya kwa siku chache tu, na madaktari wakalazimika kuonya watu waliokuwa wanaharisha ilhali tayari wana homa.

Hata hivyo sipo upande wa wanaoiita takataka. Ni dawa halali, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyo moja, na mgonjwa wa saratani anayetumia mofini, ambayo hukausha choo, anaweza kupewa vidonge vyake na daktari. Tofauti ya kidonge na konzi ni kwamba kidonge kimeandikwa miligramu.

Hatari kubwa ya kuitumia kila siku ni potasiamu, chumvi inayoendesha misuli na mapigo ya moyo. Kila choo cha maji kinaondoka nayo. Ikipungua, mtu huhisi miguu mizito, misuli inakaza usiku, moyo unaruka mapigo. Sasa fikiria jijini hapa kuna wangapi wanaomeza vidonge vya presha vya aina ya kukojosha, kama furosemidi au haidroklorothiazaidi. Navyo vinatoa potasiamu. Prednisoloni inatoa. Mizizi ya urukususu, inayochanganywa kwenye dawa nyingi za kikohozi za asili, inatoa. Mgonjwa wa moyo anayetumia digoksini yuko pabaya zaidi, kwani potasiamu ikishuka dawa hiyo humgeuka. Watu hawa hawaambiwi kitu dukani, na wao hawamwambii daktari kwamba wanakunywa sanamaki, kwa kuwa "ni majani tu". Daktari asiyeuliza naye ana sehemu yake ya lawama.

Muda wa kutumia usizidi wiki moja, na ndani ya wiki hiyo mara mbili au tatu kwa kawaida zinatosha. Anayeitumia miezi kwa miezi ukuta wa utumbo wake mpana hupata weusi. Weusi huo hufutika akiacha. Lakini aliyefika hapo kwa kawaida ameshazoea kwamba bila kikombe hakuna choo, na tatizo lililomfungisha choo tangu mwanzo halijatafutwa.

Wasioigusa: mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo, kwa sababu yanaweza kuwa kidole tumbo au utumbo uliojifunga, na kusukuma utumbo wa namna hiyo kunaweza kuupasua. Dalili ya kuogopa ni tumbo kujaa, kutapika, na kushindwa hata kutoa hewa. Huyo ni wa hospitali usiku huo huo. Mwenye vidonda au uvimbe wa utumbo asiiguse. Aliyekwishaishiwa maji kwa homa au kuharisha asiiguse. Watoto chini ya miaka 12 hawapewi. Mjamzito hapewi, na hapa nisisitize kwa sababu vidonge vya madini ya chuma vya kliniki hufungisha choo na shangazi mwema huja na pakiti: amwambie muuguzi, kuna dawa nyingine. Anayenyonyesha naye aiache, kwani kiasi kidogo hupita kwenye maziwa. Na mtoto mdogo aliyeila kwa bahati mbaya asiachwe na nepi usiku kucha. Choo chenye dawa hii kikigandamana na ngozi huichubua hadi malengelenge.

Ikizidi, acha, usitafute dawa ya kufunga. Kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti, moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Dafu ni zuri kwa potasiamu, nasi tunayo kila kona, lakini sodiamu yake ni kidogo, kwa hiyo lisichukue nafasi ya pakiti; na mwenye ugonjwa wa figo asilinywe bila kuuliza. Ndizi mbivu mbili ni chakula kizuri cha kesho yake. Kizunguzungu ukisimama, mkojo kukauka, au moyo kwenda ovyo, twende kituo cha afya.

Kabla ya hayo yote kuna sahani. Dona badala ya sembe, maharage, matembele, papai asubuhi, maji ya kutosha kwa mtu anayetoka jasho la Dar es Salaam. Wengi wakifanya hivyo wiki mbili hawarudi kwenye pakiti. Nasema kwa kifupi kwa sababu kila mtu analijua na hakuna anayelinunua.

Sasa ombi langu. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa chini yake husajili waganga na dawa zao. Sanamaki nyingi haipiti huko kwa kuwa inauzwa kama kiungo, mithili ya iliki. Kiungo kinachoendesha tumbo kwa miligramu kinastahili kutendewa kama dawa hata kama kinauzwa kwenye kisado. Wauzaji wenyewe wanaweza kuanza kesho bila kusubiri barua ya serikali: kuifunga kwa gramu moja moja, majani yakiwa mazima ili mnunuzi aone, na kubandika karatasi yenye maneno haya:

Sanamaki, majani, gramu 1. Mtu mzima: fungu moja, maji ya moto kikombe kidogo, dakika 10, chuja, kunywa usiku mara moja. Hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, usiongeze. Usizidishe wiki. Si ya mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, wala mwenye tumbo linalouma. Unatumia dawa ya presha au moyo? Muulize mfamasia kwanza.

Kwa herufi ndogo zinazosomeka, maneno hayo yanaenea kwenye karatasi yenye ukubwa wa pakiti mbili za kiberiti.

Mfamasia,
Upanga, Dar es Salaam